Nyasi za Marehemu Othmar

Tuzo yenyewe ilikuwa bundi. Bundi wa mpingo, mweusi tii, mwenye macho ya mfupa yaliyoutazama ukumbi mzima bila kupepesa, kawekwa juu ya meza kuu kando ya maua ya karatasi. Akina mama waliotoka kijijini Ukata walipofika mlangoni na kumwona, wa mbele alisimama ghafla hata wa nyuma wakamkanyaga visigino.

"Yesu, Maria na Yosefu!" alisema Notburga. "Ndiyo zawadi hiyo?"

"Ndiyo hiyo," alijibu Ottilia.

"Na utalala naye nyumba moja?"

"Ingia tukae, dada. Unaziba njia."

Lakini Ottilia naye moyo ulikuwa umempiga. Bundi akilia juu ya paa, mtu huamka akaanza kuwapapasa watoto wake gizani kama wanapumua. Huyu hata kulia halii. Ametulia tu, kama aliyekwisha kujua atakwenda kwa nani.

Walikuwa wamepanda lori la kahawa tangu asubuhi mpaka Mbinga mjini. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Kahawa, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilikuwa na wanunuzi binafsi wenye magari mapya. Na magazeti, ambayo zamani yalikuwa mawili matatu tena ya kusema habari za serikali, yalikuwa yameota kama uyoga. Mojawapo liliitwa Mwangwi. Mwenyewe, Bwana Meshack wa Dar es Salaam, alikuwa amegundua kwamba watu hawanunui gazeti kwa ajili ya hotuba. Wananunua kwa ajili ya hadithi ya kutisha iliyo ukurasa wa nyuma. Ndipo akaanzisha tuzo ya kila mwaka kwa mwandishi aliyewatisha watu kuliko wote. Mwaka huo mshindi alikuwa mtu wa Mbinga, basi sherehe ikaja Mbinga, na kampuni moja ya kahawa ikakubali kutoa lori, soda na pilau.

Mshindi huyo alikuwa Mwalimu Othmar, mume wa Ottilia. Na Mwalimu Othmar alikuwa amelala makaburini Ukata tangu Noeli ya mwaka juzi.

Enzi za uhai wake, mchana alifundisha darasa la nne kuzidisha na kugawanya. Jioni aliwasha koroboi akaandika habari za maiti wanaorudi kudai viatu vyao. Ottilia hakuzisoma hata moja. Alikuwa mtu wa rozari, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, na alijua kusoma kwa kadiri ya darasa la saba, lakini alisema macho yake Mungu hakumpa kwa kazi hiyo. Habari alizipata kwa majirani, waliokuja asubuhi na macho mekundu kulalamika mlangoni: "Mwalimu, jana nimeshindwa kwenda chooni kwa ajili yako!" Othmar alicheka mpaka akashika nguzo. "Hiyo ndiyo tuzo yangu," alisema. "Mwingine apewe kikombe, mimi nipeni mtu aliyeshindwa kwenda chooni."

Sasa tuzo ya kweli ilikuwa imekuja, naye hayupo. Gazeti liliandika kwamba hadithi iliyoshinda aliiacha kabla ya kufa. Ottilia aliamini hivyo. Baba Paroko aliposikia habari za bundi, alikataa ukumbi wa parokia usitumike, ndiyo maana walikuwa kwenye ukumbi wa ushirika. Ila Ottilia mwenyewe alimruhusu. "Nenda kapokee jina la mumeo, mama," alimwambia. "Jina si dhambi."

Safu ya mbele alikuwa ameketi Hyasinti, mdogo wake Othmar, amevaa koti la marehemu alilolichukua siku ya kugawa vitu. Safu ya pili alikuwapo Cuthbert, Mwanglikana wa Ngumbo kule ziwani, muuza samaki, naye mwandishi wa hadithi za kutisha kama Othmar. Hao wawili walikuwa marafiki wa kushindana: mmoja akimfufua maiti, mwenziwe anafufua makaburi mawili. Lakini hadithi za Othmar zilichapishwa, na za Cuthbert mara nyingi hazikujibiwa hata kwa neno.

Cuthbert aliinuka akaja kumsalimia. Aliinama kuliko ilivyo kawaida yake, akampa kifurushi cha usipa, vidagaa vya ziwani, huku akijifuta jasho.

"Pole na safari, shemeji."

"Asante, shemeji. Unaumwa?"

"Hapana. Ukumbi tu, joto."

Ilikuwa Julai, na Mbinga Julai watu hukaa wamejikunyata. Ottilia alimtazama akirudi kwenye kiti chake, akaliweka jambo hilo moyoni, kama alivyozoea kuweka mambo.

Bwana Meshack alisimama. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuuza. Alisema kwanza hadithi itasomwa, ndipo tuzo itolewe, na mwenye moyo dhaifu atoke sasa. Watu wakacheka. Akafungua gazeti.

"'Mjane alikuwa amefyeka shamba lake pamoja na akina mama wenzake,'" alisoma, "'na nyasi zililala mlimani zimekauka, chini ya lile jiwe lililopasuka katikati kama mkate uliomegwa. Hapakuwa na mwanamume wa kuzipanga.'"

Notburga alimgusa Ottilia kiwiko. "Si jiwe lako hilo?"

"Mawe yapo mengi," alisema Ottilia. Lakini lililopasuka namna ile lilikuwa moja tu Ukata nzima, nalo lilikuwa juu ya shamba lake.

"'Alfajiri moja akapanda shambani, akakuta safu ya kwanza imelazwa. Hapakuwa na nyayo. Umande ulikuwa juu ya nyasi kama haujaguswa na mwenye damu. Mjane hakupiga kelele. Aliweka jembe chini, akaita jina la mumewe kwa sauti ndogo, akangoja. Kisha akasema: Umechelewa, lakini umekuja.'"

Hapo Ottilia aliinua kichwa, akalitazama lile gazeti mkononi mwa Bwana Meshack.

Maneno hayo alikuwa ameyasema. Hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Aliyasema Kwaresima ya mwaka jana, peke yake mlimani, Othmar akiwa kaburini tayari. Hakumwambia Notburga. Hakumwambia Beata, binti yake aliyekuwa shuleni kwa masista. Hata kwenye kitubio hakuyasema, maana hakujua ayaite dhambi au neema.

Na jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwao kilimo ni cha ngoro. Nyasi hufyekwa zikakauka, kisha mwanamume huzipanga mirabamiraba juu ya mteremko. Mwanamke huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi, mpaka mlima wote unakuwa na mashimo kama sega la nyuki, na maji ya mvua yanatulia humo yasiondoke na udongo. Mwanamume analaza, mwanamke anafukia. Na kwenye kitongoji chao walisema: aliyelaza na aliyefukia ni nyumba moja. Kwa mke na mume hayo ni maneno ya kazi tu. Kwa mjane, ndiyo posa yenyewe. Shemeji akilaza nyasi shambani kwake, naye akachukua jembe akafukia, hakuna wa kuulizana tena: ameingia kwa shemeji huyo, yeye, nyumba na mibuni.

Hyasinti alikuwa na mke nyumbani, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile mibuni tangu matanga hayajaanuliwa. Mwaka ule nyasi za Ottilia zilipokauka, yeye alikaa kilabuni akinywa na kusema, "Ataniomba mwenyewe. Nyasi hazijipangi." Ottilia hakuomba. Na kulaza mwenyewe hakuthubutu, maana mjane alazaye nyasi kwa mkono wake, walisema, anamzika mumewe mara ya pili. Basi alifanya novena. Akafunga. Na kabla novena haijaisha, alfajiri moja akakuta safu ya kwanza.

Ilikuwa imelazwa ovyo, miraba mirefu, myembamba. Aliitazama akafikiri: marehemu mkono umesahau. Siku zilizofuata safu ziliendelea kunyooka kidogo kidogo. Naye alifukia. Alifukia akilia na kutabasamu, akapanda maharage, na tangu hapo, kila aliposikia watu wakimwita mjane, alinyamaza kama mtu mwenye siri ya furaha.

"'Kila alfajiri akakuta nyasi,'" Bwana Meshack alisoma, sasa kwa sauti ya chini ya kutisha, "'na kila alfajiri akafukia. Mpaka siku ya mwisho. Alipofunika mraba wa mwisho, kutoka chini ya udongo ule aliouweka kwa mikono yake mwenyewe, mkono ulichomoza ukalishika jembe. Na kidole cha mkono ule kilikuwa na pete ya ndoa yake.'"

Watu wa mjini walipiga kelele, kisha wakacheka, kisha wakapiga makofi. Akina mama wa Ukata hawakupiga. Wao lile la mkono halikuwatisha sana. Walitishwa na kile alichokipita Bwana Meshack mbio mbio bila kukijua: mjane alifukia. Alifukia nyasi asizojua nani kazilaza. Mmoja mmoja waligeuza shingo, wakamtazama Ottilia.

"Mama Beata," Notburga alinong'ona. "Mwaka jana nani alikulazia nyasi?"

Ottilia alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, kiti kilisukumwa kule mbele, na Hyasinti akasimama, akalivuta koti la marehemu likae vizuri mabegani.

"Bwana Meshack, na wazee, na akina mama," alisema. "Shikamooni wote. Marehemu halazi nyasi. Marehemu kalala. Aliyelaza zile nyasi ni mimi."

Ukumbi uliguna kama mtu mmoja.

Bwana Meshack alifurahi sana. Alidhani ni sehemu ya burudani. "Makofi!" alisema. "Makofi kwa ndugu wa marehemu!"

"Subiri makofi, mzee," alisema Hyasinti. "Wewe mgeni, hujui uzito wake. Wenzangu wanajua. Nililaza kimya kimya kwa kumhurumia shemeji, nisimwaibishe. Naye akafukia. Mmesikia wote, tena limeandikwa gazetini na kaka yangu mwenyewe aliyeona mbele kama nabii. Sasa mimi nataka nini? Haki tu. Mama Beata ni wa nyumba yangu. Leo tutarudi Ukata pamoja, na huyo bundi tutamweka kwangu."

"Una mke, Hyasinti!" alipiga kelele mama mmoja.

"Na mvua ina matone mangapi?" alijibu Hyasinti. Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko.

Ottilia hakuwa na hofu ya Hyasinti peke yake. Hofu ilikuwa kwamba huenda anasema kweli. Ikiwa ni yeye, basi lile alilolitabasamia, lile aliloliombea na kulishukuru kwa magoti, lilikuwa ni mkono wa mtu huyu. Na jembe lake mwenyewe Ottilia lilikuwa limejibu ndiyo. Wazee wa Ukata wangesema neno moja tu: ulifukia au hukufukia? Naye hakuwa mtu wa kusema uongo.

Alishika rozari ndani ya khanga, akasimama.

"Shemeji," alisema, "mimi sibishi kwamba nilifukia. Nilifukia."

"Mnasikia!"

"Nakuuliza tu. Ulianzia wapi?"

"Kwenye jiwe."

"Ndiyo. Hata hadithi imesema. Na safu ya kwanza uliilaza namna gani?"

Hyasinti alicheka. "Namna gani! Kwani mimi mgeni wa mlima? Mraba kwa mraba, umenyooka, kama baba alivyotufundisha mimi na marehemu. Angepita mtu yeyote pale angesema hapa kapita mwanamume."

"Nilipita mimi!"

Alikuwa Notburga. Alisimama hata khanga ikamdondoka begani.

"Nilipita mimi, Hyasinti, nikienda Njia ya Msalaba, ile Ijumaa ya kwanza. Mraba gani ulionyooka? Nyasi zililala miraba mirefu, myembamba, imeachana, kama chanja za kuanikia usipa! Nikasema moyoni, masikini Mama Beata, kamwajiri mlevi gani huyu? Kama ni wewe uliyelaza vile, baba yako atoke kaburini akuchape!"

Safari hii kicheko kilikuwa cha akina mama, kikapanda mpaka kwenye mabati. Kisha, bila mtu kuwaambia, kilikatika. Neno lilikuwa limewafikia. Chanja za kuanikia usipa. Mlimani nani anaanika usipa? Nani, mkono wake ukiambiwa upange kitu kirefu juu ya ardhi, unapanga chanja? Na nani alikuwa Ukata Kwaresima nzima, maana Wakatoliki wakiacha nyama ndipo muuza samaki anapopanda mlima?

Vichwa viligeuka safu ya pili.

Cuthbert alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti, jasho linamtiririka kwenye Julai ile ya baridi. Alisimama polepole kama mtu anayeitwa mahakamani.

"Ni mimi," alisema.

Watoto waliokuwa wakigombea soda mlangoni waliacha chupa wakasogea ndani.

"Nililaza mimi. Nilikuwa nalala kwa wenyeji wangu pale Ukata kila nikipandisha samaki. Nilimsikia huyu bwana kilabuni akisema nyasi hazijipangi. Nikasema, Othmar alikuwa ndugu yangu, mkewe hatakosa maharage. Nikawa naamka kabla njia haijapata watu. Sijui ngoro. Kwetu ni mchanga na mihogo. Nilijifunza pale pale, kwa kutazama mashamba ya wengine. Na siku ile ya kwanza nilikuwa bado nipo nyuma ya jiwe, shemeji, ulipofika. Nilikusikia. Nikashindwa kutoka. Ningetokaje, baada ya maneno yale?"

Ottilia alivuta khanga yake kichwani.

"Na hadithi?" Bwana Meshack aliuliza. Uso wake mchangamfu ulikuwa umesinyaa. Alimkumbatia bundi kifuani kama mtoto anayetaka kuibwa. "Hadithi kaandika nani?"

"Mimi. Tulikuwa na ahadi, mimi na Othmar. Atakayetangulia, mwenziwe ataandika moja kwa jina lake, ili jina lisifukiwe pamoja na mwili. Nikaandika nililoliona. Sikujua itashinda. Zangu hazijapata kushinda."

"Umenidanganya! Umeidanganya tuzo!"

"Bwana Meshack, ningeipeleka kwa jina langu, ungeichapisha?"

Bwana Meshack alitazama macho ya bundi, kama vile jibu lilikuwa humo.

Hyasinti alikuwa bado amesimama. Aibu ilikuwa imempitia usoni na kuondoka, kama mvua ya kupita. Sasa alipiga mapaja kwa furaha.

"Basi hata bora! Nyie hamuoni? Kalaza muuza samaki, kafukia Mama Beata! Mwenyekiti wa akina mama wa parokia kaolewa na Mwanglikana wa ziwani, kwa mahari ya usipa! Baba Paroko ana habari?"

Ukumbi ulilipuka. Cuthbert alitazama huku na huku, hajaelewa. Mpaka mzee mmoja jirani yake alipomvuta mkono na kumweleza sikioni maana ya kulaza nyasi shambani kwa mjane. Ottilia alimwona akielewa. Rangi ilimtoka. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga kamba njiani, ikasogea.

"Sikujua," alisema. "Shemeji, Mungu ni shahidi. Kwetu nyasi ni nyasi. Sikujua kabisa."

"Najua hukujua," alisema Ottilia.

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kwa kuwa yeye si mtu wa kelele, watu walitulia wamsikie. Akatoka kwenye safu yake, akaenda mbele mpaka penye meza kuu.

"Mmeniuliza kama nilifukia. Nimesema nilifukia. Sasa niulizeni nilimfukia nani." Alingoja. "Nililiita jina la Othmar, nikafukia. Huyo hapo shahidi, alikuwa nyuma ya jiwe. Kama aliyefukia na aliyelaza ni nyumba moja, basi mimi nilikubali nyumba yangu ile ile ya zamani, niliyoapa mbele ya altare. Sikumkubali Cuthbert, maana sikujua yupo. Wewe Hyasinti sikukukubali ukiwa hai mbele yangu unanitazama. Ningekukubalije kwa nyasi ambazo hata hukuzishika?" Wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Na kama yupo mtu bado anadai zile nyasi, njoo Ukata uzifukue. Zimeoza. Zimekuwa maharage, zimekuwa mahindi, tumekula. Ukizipata, nichukue."

Mzee aliyekuwa karibu na Cuthbert alitikisa kichwa taratibu. "Hapo amemaliza," alisema. "Hyasinti, kaa chini. Tena hilo koti limekubana."

Hyasinti alikaa.

Akina mama walipiga vigelegele. Notburga alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Ottilia alisikia vigelegele vile kama vinatoka mlima wa mbali. Nyumba ilikuwa imepona, na mibuni, na jina lake. Lakini alikuwa amesimama pale mbele ya watu wote na jambo moja lilikuwa linamshukia taratibu, zito, na hakuna aliyeliona. Mwaka mzima na zaidi alikuwa na mume aliyechelewa lakini akaja. Sasa hakuwa naye. Alikuwepo mtu mwema wa ziwani nyuma ya jiwe, basi.

Kumbe Othmar alikuwa amekufa.

"Mama," Bwana Meshack alisema kwa upole, "sasa hii tuzo nifanyeje? Ni ya mwandishi. Na mwandishi amejificha kwa jina la mwingine. Sheria zetu..."

"Mwandishi mwandike jina lake gazetini wiki ijayo," alisema Ottilia. "Hicho ndicho anachokitaka, hata kama hasemi. Bundi nipe mimi."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Si ni tuzo ya kutisha? Mimi ndiye niliyetishwa."

Akanyoosha mikono. Bwana Meshack alisita, kisha akampa. Bundi alikuwa mzito kuliko alivyoonekana.

Mlangoni Cuthbert alikuwa akimngoja, hathubutu kusogea.

"Shemeji, nimekukosea."

"Umenitendea wema, na umenikosea. Yote mawili." Alimtazama sana. "Kwaresima ijayo ukileta samaki, utauzia sokoni, mchana, kama watu wengine. Na ukitaka kusaidia mtu, mwite kwanza."

"Nimesikia."

"Na hadithi zako, andika kwa jina lako. Othmar ana lake."

Katika lori, safari yote ya kurudi, akina mama walijibana upande mmoja ili bundi apate nafasi ya kutosha upande wa pili. "Mfunike basi hata khanga," Notburga aliomba. "Ananitazama mimi tu." Ottilia alimfunika.

Shamba lilipumzika baada ya mahindi, nyasi zikaota zikarefuka. Machi ilipofika, akina mama wa jumuiya walikuja na nyengo wakafyeka, na nyasi zikalala zikakauka. Hyasinti alipita njia ya chini, akatazama juu. Juu ya lile jiwe lililopasuka, kwenye ufa wake hasa, Ottilia alikuwa amesimika mti, na juu ya mti yupo bundi wa mpingo, macho yake ya mfupa yanatazama njia. Hyasinti aliongeza mwendo. Tangu bundi yule apandishwe pale, hakuna mtu aliyeingia shambani humo kabla ya jua kutoka, wala ngedere hawakusogelea mahindi ya mwisho.

Ottilia alipanda jua likiwa limekwisha kuwaka, ili anayetaka kuona aone. Alifanya ishara ya msalaba. Kisha akainama, akakumbatia fungu la kwanza la nyasi, akalilaza kwa mkono wake mwenyewe. Notburga, aliyekuwa amesimama pembeni na jembe, aliweka kiganja mdomoni, maana alijua mjane akilaza mwenyewe anazika, akaanza Salamu Maria kwa sauti ndogo.

Ottilia hakuwahi kuifanya kazi ile maishani mwake. Alipomaliza mraba wa kwanza, alirudi nyuma akautazama. Ulikuwa umetoka mrefu, mwembamba.

Kisha akauacha vile vile, akachukua jembe, akafukia.